Feni za umeme za rejeta kwa gari la kujiundia: zipi zinafaa, na zifungwe vipi

Anayejiundia gari mwenyewe, liwe la mtindo wa Lotus Seven (gari dogo jepesi la wazi) au nakala ya Cobra (gari la michezo lenye injini kubwa), kwa kawaida huifikia feni ya rejeta mwishoni kabisa, pesa zimekatika na nafasi ya mbele imebaki kiduchu. Anaangalia namba moja kwenye boksi, ile ya kiasi cha hewa, anachukua yenye namba kubwa na kuifunga kwa vishikizo vya plastiki vilivyokuja nayo. Gari likichemka kwenye foleni, lawama zote zinaiendea feni. Mara nyingi feni haina kosa. Kati ya vitu vyote vinavyoamua kama gari litapoa, namba ya boksi ndiyo ya mwisho kwa umuhimu. Kava (kisanduku kinachofunika uso wa rejeta na kushika feni), mahali pa swichi ya joto na waya vina uzito kuliko tofauti ya inchi moja ya kipenyo.

Tuanze na hiyo namba. Hupimwa feni ikiwa wazi, haina kitu mbele wala nyuma yake. Ukiiegemeza kwenye rejeta yenye mapezi (vibati vyembamba kati ya mirija) yaliyobanana, hewa inayopita kweli inaweza kushuka hadi nusu, na kwa feni dhaifu chini ya hapo. Kinachofaa kusomwa ni mchoro unaoonyesha hewa inavyopungua kadiri upinzani unavyoongezeka. Watengenezaji makini, Spal wa Italia wakiwa mfano mzuri, huutoa kwa modeli zao, na muuzaji asiyeweza kukuonyesha mchoro huo anauza rangi ya boksi.

Hewa kiasi gani inahitajika? Injini ya lita 1.6 ikinguruma tu bila mwendo hunywa takribani lita moja ya petroli kwa saa. Lita hiyo ina nishati ya megajuli 32 hivi, karibu kilowati 9 ukiigawa kwa saa nzima, na theluthi yake au zaidi kidogo huingia kwenye maji ya kupoozea. Hiyo ni kilowati 3 hadi 4. Mita za ujazo 500 za hewa kwa saa, zikiingia na nyuzi 30 na kutoka na nyuzi 70, huondoa zaidi ya kilowati 6. Feni nzuri ya inchi 10 inayopitisha nusu tu ya ilichoandikiwa inafika hapo. V8, injini ya silinda nane, ya lita 5 ni habari nyingine: hunywa mara mbili au tatu ya kiasi hicho hata ikiwa imesimama, na hapo inchi 14 hadi 16, au feni mbili, si anasa.

Hesabu hiyo inabana pale hewa ya moto inapozunguka pembeni mwa rejeta na kurudi mbele. Hewa ikiingia na nyuzi 45 badala ya 30, uwezo wa feni ileile unashuka kwa zaidi ya theluthi. Kwenye pua nyembamba ya Seven, pengo la vidole viwili kati ya rejeta na bodi linatosha kuleta balaa hilo. Ziba mapengo yote kwa sponji ngumu au vipande vya alumini kabla hujatoa hata senti kwa ajili ya feni kubwa zaidi.

Zinazopatikana sokoni

Spal nyembamba yenye mapanga yaliyopinda ndiyo tunayoipa nafasi ya kwanza kwa magari mepesi. Unene wake ni milimita 50 na kitu, na hapo ndipo inaposhinda, maana kati ya rejeta na puli ya mbele ya injini ndani ya Seven hakuna nafasi ya kuchezea. Saizi ya inchi 10 au 11 hula ampea 7 hadi 10 hivi. Mapanga yaliyopinda hayapigi kelele kama yale yaliyonyooka. Yaliyonyooka husukuma hewa kidogo zaidi, lakini kwenye gari lisilo na paa utaisikia feni hiyo kila inapowaka. Kuna toleo la nguvu zaidi, lenye mota nene, ambalo unene wake unakaribia milimita 90 na hula ampea 16 hadi 20 na zaidi. Hilo ni la Cobra na magari yenye nafasi.

Soma namba ya modeli kabla ya kulipa. Za Spal huanza na VA na kuishia na herufi. A mwishoni ni feni inayovuta, yaani inakaa upande wa injini na kuivuta hewa kupitia rejeta. S ni inayosukuma, inakaa mbele ya rejeta. Katikati kuna AP kwa volti 12 na BP kwa volti 24. Ukinunua mtumba, hasa mitandaoni, BP ni mtego: inazunguka kwenye volti 12, ila kwa uvivu, na mtu anaweza kuhangaika na waya msimu mzima kabla ya kuisoma lebo.

Inayovuta ndiyo chaguo la kwanza daima. Inayosukuma huziba sehemu ya rejeta kwa mota na fremu yake wakati gari liko mwendoni, na ni vigumu kuitengenezea kava. Ichukue pale tu upande wa injini pamekosekana kabisa nafasi. Wengine hujaribu kuigeuza inayovuta kuwa inayosukuma kwa kubadilisha waya. Itazunguka kinyume na hewa itaenda upande wa pili, lakini mapanga yamechongwa kwa upande mmoja, kwa hiyo nguvu inapungua sana. Kwa modeli ambazo panga linachomoka, ligeuze panga lenyewe pamoja na waya. Kama halichomoki, nunua iliyo sahihi.

Feni ya gari la kiwandani kutoka kwa wauza vipuri vya mtumba haipewi heshima inayostahili. Feni za Ford Fiesta, Volkswagen Polo au Nissan Micra zilibuniwa kupoza injini za ukubwa uleule unaowekwa kwenye magari mepesi ya kujiundia, zikiwa nyuma ya rejeta halisi, kwa miaka mingi. Huja na kava ya plastiki iliyopigiwa hesabu na watu wenye maabara. Tatizo ni unene na umbo, kwa sababu kava hiyo haitalingana na rejeta yako na itabidi uikate. Kabla ya kununua izungushe kwa mkono: izunguke laini, isisimame kwa kukwama sehemu moja, na ekseli isiwe na mchezo wa pembeni. Iunganishe na betri usikilize. Mlio wa kukwaruza ni beringi au bushi imekwisha, na mota hizi hazifunguliwi kirahisi. Kata pia plagi yake pamoja na sentimita 20 za waya. Kuitafuta plagi hiyo peke yake baadaye ni usumbufu mtupu. Nyingi zina spidi mbili kupitia rizista, na rizista ndiyo hufa kwanza. Kwa gari la kujiundia unaweza kuiacha kabisa na kutumia spidi kubwa tu.

Kisha kuna feni zisizo na jina, zinazouzwa kwa rangi za kung'aa. Si zote mbaya, lakini nyingi zina dalili moja inayojionyesha kwenye boksi lenyewe: wati 80 pamoja na kiasi cha hewa ambacho mtengenezaji mzuri hukipata kwa wati 200. Amini wati. Wati 80 kwa volti 12 ni chini ya ampea 7, na hakuna mapanga ya ajabu yanayoongeza kisichoingia. Kasoro ya pili ni panga laini. Joto likipanda plastiki inanepa, ncha zinasogea mbele na kuanza kukwaruza mapezi. Bonyeza ncha ya panga kwa kidole dukani. Ikisogea zaidi ya milimita 5 kirahisi, irudishe rafuni. Kwa gari la maonyesho linalotembea kilomita chache, feni hizi zinavumilika. Kwa gari la kusafiria, rahisi ghali.

Feni zisizo na brashi, zenye elektroniki ndani ya mota, zinawaka taratibu bila kushtua umeme na hubadili kasi kulingana na ishara ya kompyuta ya injini. Ni bora kwa ubora, na kwa mwenye kompyuta ya kisasa inayoweza kuziongoza ni uwekezaji mzuri. Kwenye injini yenye kabureta na swichi moja ya joto utakuwa umelipia uwezo usioutumia.

Kava ndiyo nusu ya kazi

Chukua rejeta yenye uso wa milimita 400 kwa 300. Hiyo ni sentimita za mraba 1,200. Duara la inchi 10 ni sentimita za mraba 507, asilimia 42 tu. La inchi 11 ni asilimia 51, la inchi 12 ni 61. Feni iliyobandikwa moja kwa moja kwenye mapezi hupoza duara lake, na pembe nne za rejeta zinabaki mapambo. Ndiyo maana feni ya inchi 10 yenye kava kamili inaweza kuishinda ya inchi 12 isiyo na kava, na inakula umeme kidogo.

Kava hutengenezwa kwa bati la alumini la milimita 1.2 hadi 1.5. Likunje liwe kisanduku kisicho na kina kirefu, kinachofunika uso wote wa mapezi. Acha milimita 25 hadi 30 kati ya mapezi na bati ili hewa ya pembeni ipate njia ya kufika kwenye tundu. Ukipata 40 ni bora zaidi, ukiacha 10 umefanya kazi bure. Tundu liwe saizi ya pete ya feni. Kama feni yako haina pete, acha milimita 3 hadi 5 kati ya ncha za mapanga na ukingo wa tundu. Ukingo wa kava unaogusa rejeta uvishe sponji au mpira, kwa sababu mbili: kuzuia hewa isivuje, na kuzuia alumini isikwaruze mirija.

Watu huogopa kwamba kava itaziba hewa gari likiwa kasi. Hofu ina msingi, hasa kama tundu ni chini ya nusu ya uso. Dawa ni kukata matundu ya milimita 50 kwenye pembe na kuyafunika kwa vipande vya mpira mwembamba vilivyoshikiliwa upande wa juu tu. Feni ikivuta, mpira unajibana kwenye bati. Upepo wa mwendo ukisukuma kutoka mbele, unafunguka. Magari ya kiwandani yanafanya hivyohivyo.

Jaribio lake ni la karatasi. Injini imezimwa, washa feni, kisha weka kipande cha karatasi ya daftari mbele ya rejeta kwenye kila pembe. Kijishike chenyewe pembe zote nne. Pembe ambayo karatasi inaanguka haipozi kitu. Tafuta pengo kwenye sponji upande huo. Na karatasi ikipeperushwa mbele badala ya kuvutwa, waya za mota zimebadilishana. Kosa hilo ni la kawaida kuliko watu wanavyokiri, kwa sababu feni inayozunguka kinyume inaonekana na kusikika kama inafanya kazi. Barabarani inapigana na upepo wa mwendo, kwa hiyo gari linachemka kila feni inapowaka, jambo linalomchanganya kila mtu.

Kuifunga

Vile vishikizo vya plastiki vinavyopenya katikati ya mapezi viache kwenye boksi. Gari jepesi lenye injini ya silinda nne linatetemeka, feni ina uzito wa kilo moja na nusu au mbili, na pini ya plastiki inayocheza kati ya mirija ya alumini hatimaye hutoboa. Tundu linatokea katikati ya rejeta, mahali ambapo kulehemu ni kazi ya fundi maalumu.

Feni ifungwe kwenye kava, kava ifungwe kwenye fremu ya rejeta au kwenye masikio ya tangi za pembeni. Kama huna kava, tumia bapa mbili za alumini za milimita 20 kwa 3 kutoka juu hadi chini ya rejeta, feni ikishikwa kwa bolti za M6 na nati zenye plastiki ya kujifunga. Tia washa pana upande wa plastiki ya feni, na ukaze hadi masikio yashike tu. Masikio yaliyopasuka baada ya miezi michache karibu kila mara yalikazwa kupita kiasi au yalilazimishwa kukaa kwenye sehemu isiyo bapa.

Rejeta yenyewe ikae juu ya raba, isifungwe chuma kwa chuma kwenye chasi. Chasi ya mabomba hujipinda kidogo kwenye kona na mashimo, na rejeta iliyofungwa kwa ugumu ndiyo inayobeba mpindo huo. Viungo vya tangi vinavuja, kisha feni inalaumiwa kwa mtetemo.

Nyuma ya mota acha milimita 20 hadi 25 kabla ya puli au mkanda. Milimita 10 zinaonekana nyingi gari likiwa juu ya stendi, lakini injini inasogea mbele ukifunga breki ghafla, na inajipinda kwenye raba zake ukikanyaga mafuta. Pima baada ya mtu kuisukuma injini kwa mtaimbo mbele na nyuma, si ikiwa imetulia. Angalia pia vitundu vidogo kwenye kifuniko cha mota: ni vya kutolea maji, na lazima vielekee chini. Feni iliyozungushwa ili waya ufike vizuri, vitundu vikaishia juu, hukusanya maji ya mvua na kufa kwa kutu.

Swichi ya joto

Hapa ndipo fikra nyingi hupotea. Swichi nyingi za magari ya Ulaya zina nyuzi za skrubu za M22 kwa 1.5, na zinatajwa kwa namba mbili: joto la kuwasha na joto la kuzima, mfano 92/87 au 88/83. Namba ya kuzima ndiyo ya kuangaliwa. Themostati, vali inayoyaruhusu maji ya injini kwenda kwenye rejeta yakishapata moto, ikiwa ya nyuzi 88 inalinda injini ibaki karibu na joto hilo. Ukiweka swichi ya 88/83 upande wa maji ya moto, maji hayatashuka kamwe hadi 83, na feni haitazima mpaka uzime gari. Upande huo wa moto chagua swichi ambayo kuzima kwake kuko juu ya joto la themostati kwa nyuzi kadhaa. Kwa themostati ya 82, swichi ya 92/87 inakaa vizuri. Kwa ya 88, nenda 97 hivi.

Upande wa maji yanayotoka kwenye rejeta kwenda injini, swichi ya chini inakubalika, 82 hadi 88 ya kuwasha, maana maji hapo yameshapoa. Upande huu una faida: feni inawaka pale tu rejeta inaposhindwa yenyewe, na si kila maji ya juu yanapopata moto kidogo. Ubaya wake ni kuchelewa, kwa sababu swichi haijui chochote mpaka themostati ifunguke na maji yazunguke. Kama rejeta ina tundu la swichi tayari, litumie hilohilo.

Kama haina, kuna njia tatu. Ya zamani ni kibomba chembamba chenye gesi kinachopenyezwa kwenye mdomo wa mpira wa juu wa rejeta, njia iliyozoeleka kupitia vifurushi vya Kenlowe. Inafanya kazi, inarekebishika kwa kitasa, lakini pale kibomba kinapopita chini ya klampu ndipo maji yanapopenda kudondoka. Ya pili ni kiungo cha alumini kinachokatwa katikati ya mpira na kushika swichi ya M22. Nzuri na ya bei nafuu, ila kumbuka kwamba mipira miwili imekitenga kiungo hicho na chuma cha gari. Swichi yenye pini moja inahitaji waya wa ethi (wa kurudi upande hasi wa betri) kutoka kwenye kiungo. Bila huo feni haitawaka kamwe. Ya pini mbili haina shida hiyo. Ya tatu ni kidhibiti cha elektroniki kinachokaa ndani ya mpira, kama cha Revotec, ambacho hurekebishwa kwa bisibisi kati ya nyuzi 70 na 120. Kwa mtu asiye na uhakika na themostati yake hiki kinastahili pesa: unarekebisha, unatembea, unarekebisha tena, bila kumwaga maji hata tone.

Popote utakapoiweka, ncha ya swichi lazima iwe ndani ya maji. Kwenye magari yenye injini nyuma na rejeta mbele, mabomba marefu hukusanya hewa juu ya rejeta, na swichi iliyo pale inapima hewa tu. Injini inachemka, feni imelala. Skrubu ya kutolea hewa juu kabisa ya rejeta ni lazima kwa magari hayo.

Umeme

Rilei, yaani swichi inayotumia umeme mdogo kuwasha mzigo mkubwa, ni lazima, hata kama swichi ya joto imeandikwa inaweza kubeba mzigo wote. Feni inayokula ampea 10 huvuta mara mbili au tatu ya hapo kwa sekunde ya kwanza, na cheche hizo hula ncha za swichi mpaka zishikane. Kwa rilei, swichi inabeba ampea 0.2 tu.

Pini za rilei zina namba. Pini 30 itoke moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi, iliyo karibu na betri kadiri iwezekanavyo. Kwa feni ya ampea 10 hadi 12 tumia fyuzi ya 20. Pini 87 iende kwenye feni. Pini 86 ipate umeme kutoka kwenye saketi ya ufunguo, na 85 ishuke kwenye swichi ya joto na kutoka hapo kwenye ethi. Sambamba na swichi ya joto weka swichi ya mkono kwenye dashibodi, ya kuunganisha 85 na ethi. Swichi ya joto ikifa kwenye foleni, utafika nyumbani. Taa ndogo iliyounganishwa na 87 inakuambia feni imepata umeme. Kwenye gari lenye kelele hutaisikia.

Unene wa waya si jambo la kukisia. Waya wa milimita za mraba 1 wenye urefu wa mita 3 hupoteza volti 0.6 kwa ampea 12, na kiasi kilekile tena kwenye ethi kama umerudi kwa waya huohuo. Volti 1.2 zimeenda kupasha waya moto. Kasi ya feni inashuka karibu sawia na volti, na nguvu inayoipa hewa msukumo inashuka haraka zaidi. Waya wa milimita za mraba 2 wa ganda jembamba, unaobeba ampea 25, unatosha feni ndogo; kwa ampea 15 na zaidi tumia 3. Ethi ya feni irudi kwenye ncha ya pamoja ya ethi au kwenye betri, si kwenye skrubu ya bati lililopakwa rangi, na kwenye bodi ya faiba hakuna ethi kabisa. Kisha pima: injini ikiunguruma, feni ikizunguka, volti kwenye plagi ya feni zisipungue kwa zaidi ya nusu volti zikilinganishwa na za betri.

Kuna hitilafu moja ambayo magari ya kujiundia yanaifahamu vizuri. Unazima ufunguo, na injini inaendelea kunguruma kwa sekunde kadhaa au hata haizimi, lakini tu feni inapokuwa imewaka. Chanzo chake ni pini 30 na 86 kuchukua umeme kwenye waya mmoja wa saketi ya ufunguo. Ukizima, feni bado inazunguka kwa nguvu yake, mota inageuka jenereta, umeme unarudi kupitia rilei iliyobaki imefunga na kulisha saketi ya cheche. Ukitenganisha pini 30 kwenda betri kama ilivyoelezwa juu, hitilafu inaondoka. Walioshindwa kuigundua wamebadilisha swichi za ufunguo na hata koili bila sababu.

Wenye injini za zamani watazame pia chanzo cha umeme. Dainamo ya Lucas C40, jenereta ya magari ya kabla ya alteneta, hutoa ampea 22 ikiwa kwenye kasi nzuri, na karibu hakuna kitu injini ikinguruma taratibu. Taa kubwa mbili zinakula 9 au 10, cheche na waipa zinachukua zao, na feni ya ampea 12 kwenye foleni ya usiku inakula betri moja kwa moja. Kwa gari la hivyo alteneta inanunuliwa kabla ya feni.

Kile feni haiwezi kutibu

Juu ya kilomita 60 kwa saa hivi, upepo wa mwendo unazidi kazi ya feni nyingi. Gari linalochemka barabara kuu na kupoa mjini lina tatizo la rejeta ndogo au iliyoziba, hewa inayopita pembeni, pampu, au taimingi ya cheche iliyochelewa. Feni ya pili hapo ni mzigo tu. Kinyume chake, gari linalopoa barabarani na kuchemka likisimama ndilo la kulitafutia feni, na hata hapo anza na jaribio la karatasi na kipimo cha volti kabla ya kufungua pochi.

Baada ya kilomita 500 za kwanza, kagua bolti za M6, sponji ya kava, na sehemu waya unapopita karibu na fremu. Gusa rilei na plagi ya feni baada ya feni kufanya kazi kwa dakika kumi: uvuguvugu ni sawa, moto wa kukuondolea mkono ni pini iliyolegea, na plastiki yake itaanza kuwa kahawia kabla feni haijasimama.